Wakili na Lango la Gereza: Mwongozo wa Kujenga Kazi ya Kimataifa ya Kutetea Haki za Wafungwa

Wakili anayeingia gerezani kwa mara ya kwanza akiwa na nia ya kuleta mageuzi hutazama watu waliobanana, husikia harufu ya mahali pasipo na hewa, kisha hutoka na hasira asiyojua aipeleke wapi. Hasira hiyo ni halali, lakini haimfai mfungwa hata mmoja mpaka igeuzwe kuwa swali ambalo mwanasheria ana ujuzi wa kuliuliza: ni karatasi ipi inayomshikilia mtu huyu humu ndani? Hati hiyo ina tarehe gani, imesainiwa na nani, muda wake unakwisha lini, na je, aliyetajwa kwenye hati ndiye aliyelala kwenye seli? Mwongozo huu ni kwa mawakili wanaotaka kuifanya kazi hii nje ya mipaka ya nchi zao, na msimamo wangu nausema mapema: aliyejifunza kuuliza swali hilo vizuri katika gereza moja huwa na manufaa zaidi, na hufika mbali zaidi, kuliko aliyeanza na mikutano ya Umoja wa Mataifa ya Geneva.

Daftari kabla ya mikutano

Kaa kwanza katika mahakama za nchi yako ukishika kesi za jinai, kwa miaka isiyopungua mitatu au minne. Mashirika mengi ya kimataifa huutaka uzoefu huo, lakini sababu yangu si hiyo. Mtu ambaye hajawahi kuomba dhamana ikakataliwa, wala kufuatilia jalada lililopotea kati ya polisi, mahakama na gereza, hana la maana la kuiambia serikali yoyote kuhusu msongamano. Duniani kuna zaidi ya watu milioni 11 walio magerezani, na takriban theluthi moja yao hawajatiwa hatiani na mahakama yoyote. Hao ndio mahabusu, na sijui kundi jingine linalomhitaji wakili kuwazidi.

Ukipata kibali cha kuingia, omba kuona orodha ya mahabusu kabla ya kuomba kuona seli. Kwa kawaida ina jina, namba ya kesi, kosa, mahakama, tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kurudi mahakamani. Pitisha kidole kwenye safu hiyo ya mwisho, mstari kwa mstari. Penye nafasi tupu, au penye tarehe iliyokwisha kupita, huenda pana mtu aliyesahauliwa. Rudi juu uisome tena ukiwatafuta waliopewa dhamana lakini bado wamo ndani kwa kuwa masharti yaliwashinda. Kisha isome mara ya tatu, ukilinganisha siku walizokaa na adhabu ambayo kosa lao linabeba, maana hutokea mtu ambaye, kama angekiri na kuhukumiwa siku ya kwanza, angekuwa amekwisha maliza kifungo na kurudi kwao. Kila kundi lina dawa yake: wa kwanza wanahitaji amri ya kufikishwa mbele ya hakimu, wa pili maombi ya kulegezewa masharti, na wa tatu barua yenye hesabu ya siku kwenda kwa mwendesha mashtaka, ikifuatwa na ombi mahakamani asipojibu.

Nikiwa wakili kijana, katika gereza moja, nilimkuta mtu aliyekuwa amefutiwa mashtaka siku 11 kabla. Hati ya kumwachia ilikuwa imefika ofisini, ikiwa imebanwa pamoja na nyingine kwenye faili, lakini mahakama ilikuwa imeliandika jina lake kwa herufi "r" na gereza lilikuwa limeliandika kwa "l". Ofisa wa zamu hakuwa mkatili. Aliogopa kumwachia asiye mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye angeulizwa. Kilichohitajika kilikuwa hati mpya yenye herufi moja iliyosahihishwa, nayo ilipatikana kesho yake kabla ya saa sita mchana. Tangu hapo sijaingia gerezani bila kulinganisha majina ya kwenye hati na ya kwenye daftari, na kila wakili kijana ninayefanya naye kazi namtaka afanye vivyo hivyo.

Kumbukumbu hizi ni suala la haki za binadamu kamili. Kanuni ya 7 ya Kanuni za Nelson Mandela, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, inakataza gereza kumpokea mtu yeyote bila hati halali, na inataka yaandikwe sababu za kufungwa kwake, mamlaka iliyoamuru, siku na saa ya kuingia na kutoka, pamoja na majeraha yanayoonekana na malalamiko yoyote ya kuteswa kabla ya kufikishwa hapo. Alama iliyoandikwa siku ya kupokelewa inaweza kuwa ushahidi pekee utakaobaki wa yaliyomkuta mtu mikononi mwa polisi.

Usifanye kazi hii peke yako. Nchini Malawi, tangu mwaka 2000, wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili wamekuwa wakiingia magerezani kuwafundisha mahabusu namna ya kujieleza mbele ya hakimu na kuandaa orodha za wanaostahili kuachiwa, na mahakimu huenda na kufanya kikao humo humo gerezani. Wakili mmoja anayefanya kazi na wasaidizi wa namna hiyo hufikia watu ambao peke yake asingewafikia kwa mwaka mzima.

Sheria za kuwa nazo mkononi

Msingi ni Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, hasa ibara ya 9, inayosema kwamba kumweka mtu mahabusu kabla ya kesi kusiwe ndiyo kawaida, na ibara ya 10, inayotaka kila aliyenyimwa uhuru atendewe kwa utu. Juu ya msingi huo zimejengwa Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015 kama marekebisho ya kanuni za mwaka 1955. Ni kanuni 122, na zisomwe zote, kwani anayezijua kwa muhtasari tu huumbuliwa na mkuu wa gereza aliyezisoma. Kwa wafungwa wanawake zipo Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, na kwa adhabu zisizo za kifungo zipo Kanuni za Tokyo za mwaka 1990. Anayefanya kazi barani Afrika aongeze Azimio la Kampala la mwaka 1996 kuhusu hali ya magereza, na Miongozo ya Luanda ya mwaka 2014 kuhusu ukamataji na mahabusu.

Kanuni hizi si mikataba, na wakili wa serikali hatachelewa kuikumbusha mahakama jambo hilo. Kwa hiyo usizitangulize. Anza na katiba ya nchi, ufuate na sheria ya magereza, kisha mkataba ambao nchi imeuridhia, na mwisho uzilete kanuni kama maelezo ya nini maana ya neno "utu" lililomo katika katiba na katika mkataba. Zikiwekwa mahali pake hivyo, jaji anaweza kuzitumia bila kuonekana ametunga sheria mpya.

Inafaa kujua pia jinsi kanuni moja inavyozaliwa, kwa sababu humo mna somo la kazi yenyewe. Juan Méndez, wakili wa Argentina, alikamatwa katika miaka ya 1970 kwa kuwatetea wafungwa wa kisiasa, akateswa, akawekwa kizuizini kwa muda mrefu na hatimaye akalazimika kuihama nchi. Miaka mingi baadaye aliteuliwa kuwa Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utesaji, na mwaka 2011 akawasilisha ripoti iliyotaka kifungo cha upweke kinachozidi siku 15 kipigwe marufuku. Miaka minne tu baada ya hapo, Kanuni ya 43 na ya 44 za Nelson Mandela zikaweka mpaka huo huo: upweke ni saa 22 au zaidi kwa siku bila maingiliano ya maana na watu, na ukizidi siku 15 mfululizo ni upweke wa muda mrefu, ambao hauruhusiwi. Wakili anayemkuta mtu katika seli ya adhabu leo ana saa na siku za kuhesabu.

Unapokuwa ndani

Sehemu hii ndiyo inayowatofautisha watu wa kazi hii, na hakuna chuo kinachoifundisha ikatosha.

Anzia ofisini kwa mkuu wa gereza. Muulize gereza lilijengwa kwa ajili ya watu wangapi, na hesabu ya asubuhi ya leo imetoa wangapi. Andika namba zote mbili mbele yake. Kisha tembea kote, pamoja na sehemu ambazo hukupangiwa kuonyeshwa: seli za adhabu, chumba cha wagonjwa, jikoni, wodi ya wanawake na mahali wanapolala watoto walio na mama zao. Beba futi kamba. Seli yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4 ina mita za mraba 24, na ikilaza watu 30, kila mmoja ana mita za mraba 0.8. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Muršić dhidi ya Croatia ya mwaka 2016, ilieleza kwamba nafasi iliyo chini ya mita za mraba 3 kwa kila mtu katika seli ya pamoja huzua dhana nzito kwamba haki imevunjwa. Ilieleza pia kwamba choo kilichomo ndani ya seli hakihesabiwi katika eneo hilo, ilhali sehemu iliyokaliwa na samani huhesabiwa. Ukipima bila kujua hilo, kipimo chako kitapingwa.

Maswali yako yawe ya saa na idadi. Ukiuliza, "Je, maji yanatosha?", utajibiwa ndiyo au hapana, na majibu yote mawili hayana uzito. Uliza: bomba ni ngapi, maji hutoka saa ngapi na kukatika saa ngapi, na usiku mtu akishikwa na kiu hufanya nini. Uliza wanalalaje, kama ni kwa zamu, na zamu hubadilishwa saa ngapi. Uliza mara ya mwisho daktari alikuja siku gani. Askari waulize pia, kwa moyo wa kutaka kujua: wanafanya kazi saa ngapi kwa siku, wanalala wapi, mishahara inawafikia lini. Kanuni ya 74 ya Nelson Mandela inawahusu wao, na sijaona gereza lenye askari waliotelekezwa likawa na wafungwa wanaotunzwa.

Mazungumzo na mfungwa yawe ya faragha, mbali na askari na mbali na nyampara vilevile, ambaye wakati mwingine huogopwa kuliko askari. Mweleze wewe ni nani, utafanya nini na atakayokuambia, na yapi huwezi kuyafanya. Kwamba huwezi kumtoa kesho, liseme kabla hajaanza kusimulia. Mwache aanzie anapotaka na anyamaze anapotaka. Akieleza kuteswa, yaandike maneno yake kama alivyoyasema, lakini usiwe wewe wa kuamua jeraha limetokana na nini; hiyo ni kazi ya daktari anayefuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza utesaji, iliyotolewa mwaka 1999 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2022. Wakili aliyeandika kwenye kiapo "makovu haya yametokana na umeme" bila daktari anaweza kuwa ameiharibu kesi kwa nia njema.

Na usizungumze na mtu mmoja tu kwa kila seli. Zungumza na wengi, hata wale wasio na lalamiko, na kwa muda unaokaribiana, ili ripoti itakapotoka pasiwe na wa kunyooshewa kidole. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huweka masharti yake kabla ya kuanza kutembelea mahali popote: iwaone wote, ifike kila sehemu wanapowekwa, izungumze nao bila shahidi, iandike majina yao, na iruhusiwe kurudi. Hayo ni masharti ya ulinzi, na likivunjwa moja ni afadhali ziara isifanyike.

Ukifika kwenye kuandika, kila pendekezo liwe na mwenyewe. "Serikali iboreshe hali ya magereza" ni sentensi isiyomgusa mtu. Andika kwamba mkuu wa gereza afungue milango ya seli kwa saa nyingine mbili kila siku, jambo lisilohitaji fedha. Kwamba msajili wa mahakama apeleke orodha ya tarehe za kesi kila wiki. Kwamba wizara itenge fedha za kisima katika bajeti ijayo. Njia hii ni ya zamani. John Howard, ambaye hakuwa mwanasheria, alipokuwa sherifu wa Bedfordshire, Uingereza, mwaka 1773, aligundua kwamba watu waliokwisha kuachiwa huru walirudishwa ndani kwa kushindwa kumlipa mlinzi wa jela ada yake. Alizunguka majimbo ya jirani akakuta hali ni ile ile, akayapeleka aliyoyaona bungeni, na mwaka 1774 ada hizo zikafutwa kwa sheria.

Kesi inayobadilisha wengi

Baadhi ya mambo hayaondolewi na ripoti, yanahitaji hukumu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la Susan Kigula na wenzake 417 waliokuwa wamehukumiwa kifo, ilikubali kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kusikiliza mazingira ya mtu ni kinyume cha katiba, na kwamba kumweka mtu akisubiri kunyongwa kwa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho si halali. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifikia hitimisho linalofanana kuhusu adhabu ya lazima ya kifo kwa kosa la mauaji, katika kesi ya Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017.

Wanaozisoma hukumu hizo huishia kwenye ukurasa wa mwisho. Kwa wakili, kazi nzito ilikuwa inaanza hapo, kwa sababu kila mmoja alipaswa kurudishwa mbele ya jaji ili apangiwe adhabu upya, na kila mmoja alihitaji jalada lake, historia ya maisha yake, ripoti ya mwenendo wake gerezani na mtu wa kumsemea. Kigula mwenyewe alipunguziwa adhabu, akasoma sheria akiwa gerezani kupitia Chuo Kikuu cha London, na akatoka mwaka 2016. Ukipanga shauri la aina hii, panga kabla ya kulifungua ni nani atakayeshika majalada siku ya baada ya ushindi.

Kuvuka mpaka

Hatua ya kwanza ya kimataifa huhitaji kalamu kabla ya tiketi ya ndege. Kamati ya Haki za Binadamu na Kamati dhidi ya Utesaji, zote za Umoja wa Mataifa, hupokea ripoti mbadala kutoka kwa mashirika ya kiraia kila nchi inapochunguzwa. Ukiandika kurasa kumi zenye tarehe na vipimo, zitasomwa na wajumbe wenye saa chache tu za kuihoji serikali. Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Kuwekwa Kizuizini Kinyume cha Sheria, kilichoundwa mwaka 1991, hupokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja bila kumtaka awe amemaliza mahakama za nchini kwake, tofauti na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao Banjul, ambayo kwa kawaida hulitaka sharti hilo. Kulijua hilo huokoa miaka.

Kuhusu ajira, milango ni kadhaa na haifunguki kwa namna moja. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iko Geneva, na ile inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, ambayo ina kazi nyingi za magereza, iko Vienna. Mtihani wa vijana wa Umoja wa Mataifa huwataka wasiozidi umri wa miaka 32, kwa hiyo anayeutaka asikawie. Aliyepitwa na umri huo bado ana nafasi za kujitolea na za wataalamu. Chama cha Kuzuia Utesaji cha Geneva, kilichoanzishwa mwaka 1977 na Jean-Jacques Gautier, husaidia nchi kuunda vyombo vya kukagua mahali pa kizuizini kwa mujibu wa Itifaki ya Hiari ya mwaka 2002 ya Mkataba dhidi ya Utesaji, na vyombo hivyo vya kitaifa vyenyewe huajiri wanasheria. Shirika la Penal Reform International, lililoanza mwaka 1989, hufanya kazi na idara za magereza moja kwa moja.

Lugha ya pili ya kazi huzidi shahada ya pili. Anayeweza kumhoji mfungwa kwa Kifaransa, Kiarabu au Kireno bila mkalimani hupewa kazi ambazo mwenye vyeti vingi hawezi kupewa. Shahada ya uzamili ya haki za binadamu inafaa, nami naishauri, lakini baada ya mahakama na wala si kabla yake. Ukichukua kazi ya mshauri elekezi, soma hadidu za rejea hadi mwisho, hasa penye neno linalosema ripoti ni mali ya nani na nani anaruhusiwa kuichapisha. Ukikuta hakuna nafasi ya kuzungumza na wafungwa kwa faragha, ikatae kazi hiyo kwa barua yenye kueleza sababu.

Watakaobaki baada ya wewe kuondoka

Vera Chirwa, mwanamke wa kwanza kuwa wakili nchini Malawi, alikamatwa mwaka 1981, akahukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na mumewe Orton akafia gerezani mwaka 1992. Alitoka mwaka 1993, na baadaye akawa Mtaalamu Maalumu wa Tume ya Afrika kuhusu magereza, akirudi katika seli za nchi nyingine kuwasikiliza waliokuwa mahali alipokuwa yeye. Wengi wetu tunaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo inatupasa kukumbuka kwamba mlango ukifungwa nyuma yetu, aliyezungumza nasi amebaki na wale wale aliowalalamikia.

Ndiyo maana ziara ya pili isiachwe. Ipange kabla hujamaliza ya kwanza, isiwe mbali sana, na ikiwezekana isitangazwe siku yake. Andika majina ya uliozungumza nao mahali ambapo si kwenye simu wala kwenye kompyuta inayoweza kuchukuliwa langoni. Siku utakaporudi, kabla ya chai ya ofisini na kabla ya kuonyeshwa rangi mpya ya ukuta, omba kuwaona wengi wa wale wale na wengine wapya pamoja nao. Kama yupo aliyehamishwa, uliza kwa nini, tangu lini, na kwa hati ya nani, kisha mfuate huko alikopelekwa.